Sura ya 6: Kioo Kidogo, Jua la Voi

Ukitaka kujua kama tovuti imetengenezwa vizuri, usiiangalie kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza. Ipeleke Voi saa saba mchana. Simama kando ya barabara kuu ya Mombasa, malori yakipita na vumbi lake, ufungue ukurasa huo kwenye simu ya bei nafuu, kisha ujaribu kusoma yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yaliyompendeza msanifu wake ofisini. Utauona uso wako mwenyewe kwenye kioo kabla hujaona neno hata moja.

Mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazoweza kutumiwa na kila mtu, WCAG, umeliwekea jambo hili kipimo: maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Programu ya kompyuta hukagua kipimo hicho kufumba na kufumbua, lakini programu haisimami juani. Sura hii inawahusu wanaosimama: watu wanaojitolea kufungua mwonekano mpya wa simu kabla haujatangazwa, wakabonyeza kila kinachobonyezeka, wakaburuza juu na chini, wakageuza simu ikalala ubavu, wakitafuta panapovunjika. Majina yao hayaandikwi popote kwenye tovuti wanazoziokoa. Ninaamini kazi yao ina uzito kuliko ya nusu ya watu wanaohudhuria uzinduzi.

Nimeichagua Taita Taveta kwa makusudi. Kaunti hii ina eneo la kilomita za mraba 17,084, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 340,671. Zaidi ya nusu ya ardhi ni hifadhi za Tsavo, kwa hiyo watu wamebanana pale palipobaki: Voi kwenye joto, Wundanyi juu kwenye ukungu, Mwatate kandokando ya mashamba ya mkonge, Taveta mpakani na ndizi zake. Mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipoanza kufanya kazi Mombasa, intaneti ya kasi ilipata njia ya kwenda Nairobi kupitia ushoroba uleule wa reli na barabara unaokatiza Voi. Aliye mjini, mtaani Sofia au Birikani, hupata mtandao wa kuridhisha. Akipanda matatu ya Kasigau, vijiti vya mtandao huanza kupungua juu ya kioo, na picha zilizokuwa zikifunguka papo hapo hubaki miraba mitupu. Karibu na Holili, mpakani, simu hushika mtandao wa Tanzania bila kumuuliza mwenyewe. Mbunifu akitaka kukutana na hali zote zinazoitesa tovuti bila kusafiri sana, hii ndiyo safari yake.

Na si suala la anasa. Jukwaa la serikali la eCitizen lilianza mwaka 2014, na kufikia katikati ya 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana humo. Nafasi ya chuo huombwa KUCCPS, mkopo wa masomo huombwa HELB, tiketi ya treni ya Madaraka inayosimama Voi hukatwa kwa simu. Mtu wa Sagalla aliyekuwa akiteremka mlimani kufuata ofisi, leo ofisi imemfuata mfukoni. Kitufe kilichofichika chini ya kioo, kwake yeye, ni mlango wa ofisi uliofungwa huku karani akiwa ndani.

Simu iliyo mfukoni mwake haifanani na ile iliyo mezani kwa msanifu. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mteja akaweka shilingi 1,000 za awali na kuendelea kulipa shilingi 20 kwa siku mpaka simu ya 4G iwe yake. Oktoba 2023 kiwanda cha EADAK kule Athi River kilizinduliwa kikiunganisha simu za Neon Smarta, kwa shilingi 7,499, na Neon Ultra kwa shilingi 8,999. Pamoja na hizo kuna simu zilizotoka ng'ambo zikiwa zimetumika, zilizorithiwa kwa kaka au shangazi, na zile zilizobadilishwa kioo mara mbili. Zote ni simu janja kwa jina. Ndani zinatofautiana kiasi kwamba ukurasa mmoja unaweza kuwa na sura tano katika chumba kimoja.

Tatizo hili lina historia. iPhone ilipotoka mwaka 2007, kurasa karibu zote duniani zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya kompyuta. Apple ikaifanya simu yake ijidai ina upana wa pikseli 980, ipange ukurasa mzima kwa upana huo, halafu iufinye uingie kwenye kioo cha inchi tatu na nusu. Msomaji alibaki kukuza kwa vidole viwili. Ujanja huo haujafa: mtengenezaji akisahau mstari mmoja mfupi unaoiambia simu itumie upana wake halisi, hata simu ya mwaka huu itaufinya ukurasa vilevile, na maandishi yatakuwa kama mchanga. Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alichapisha makala katika jarida la A List Apart akipendekeza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo, badala ya kutengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Wazo lake ndilo linaloendesha karibu kila tovuti mpya leo. Aprili 2015 Google ikaanza kuzipandisha kurasa zinazosomeka kwenye simu katika matokeo ya utafutaji wa simu, na wenye biashara waliokuwa wakisitasita wakakimbilia kubadilisha. Kisha toleo la 2.1 la WCAG, mwaka 2018, likaweka sharti ambalo kila mpimaji anapaswa kulijua kwa moyo: kwenye upana wa pikseli 320 ukurasa usomeke bila kumlazimisha mtu kuuburuza kushoto na kulia.

Watengenezaji wana njia ya kujipima wenyewe. Kivinjari cha kompyuta kina sehemu inayoigiza simu: unachagua upana, ukurasa unajibana, unaridhika. Kuna pia kampuni, BrowserStack iliyoanzishwa India mwaka 2011 ikiwa mojawapo, zinazokukodisha simu halisi zilizowekwa mbali, ukaziendesha kutoka mezani kwako. Njia zote mbili zina manufaa na sizibezi. Ila simu ya kukodi haina ufa kwenye kona, kumbukumbu yake haijajaa video za harusi, na mwenyewe hajaongeza ukubwa wa herufi kwa sababu macho yamechoka.

Sasa, wapimaji wangapi? Mwaka 2000 Jakob Nielsen alieneza hesabu ambayo mameneja wa miradi wameipenda kupita kiasi: watu watano wanatosha kufichua takribani asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Msingi wake ni utafiti aliofanya na Thomas Landauer mwaka 1993, uliokuta kwamba mtu mmoja kwa wastani huibua asilimia 31 ya matatizo; zidisha sehemu asiyoiona kwa yenyewe kwa watu watano, uitoe kwenye mia, utafika huko. Hesabu ni sahihi kwa jambo ililokusudiwa, yaani jinsi watu wanavyoelewa ukurasa. Dosari za mwonekano ni jambo jingine, kwa kuwa hazimo kichwani mwa mtu. Zimo kwenye simu yake, toleo lake la Android, kivinjari chake na mipangilio aliyoibadilisha. Ukiwaita wanafunzi watano wa darasa moja wenye simu za aina moja, umempima mtu mmoja mara tano.

Kwa hiyo mimi huanza na simu kabla ya watu. Katika mji wa ukubwa wa Voi, maktaba bora ya simu haiko chuoni. Iko kwa fundi wa simu, kwenye droo zake zenye simu zinazosubiri spea na zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Fundi anajua bila kuangalia daftari ni aina gani zinazovunjika sana, zipi zinauzwa sokoni mwezi huu, na ni wateja gani bado wako kwenye Android 6. Mwombe akusaidie kuchagua. Kisha ndipo utafute wenye simu hizo: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi, mama anayeuza mboga sokoni, mwendesha bodaboda anayesoma ujumbe juani akiwa na mkono mmoja kwenye usukani, mchimbaji wa vito ambaye vidole vyake vimekakamaa kiasi kwamba kioo humsikia kwa shida, mwalimu mstaafu wa Mbololo. Na asikosekane mtu asiyeona, anayetumia simu kwa kusikiliza. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilitoa kiwango cha KS 2952 mwaka 2022 kuhusu huduma za teknolojia zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, kwa hiyo hakuna tena wa kudai kwamba hilo ni hisani.

Kikao chenyewe hakihitaji ukumbi wa hoteli. Chumba chenye viti, maji ya kunywa, na mahali pa kuchajia simu vinatosha. Kila mtu hupewa kazi ya kweli ya kufanya: tafuta bei, jaza fomu, chagua tarehe, tuma. Anayesimamia huketi pembeni na kazi yake ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo mwalimu. Ukimaliza kujaza, naomba utume hiyo fomu."

"Marahaba. Kitufe cha kutuma kiko wapi?"

"Wewe ungetarajia kukiona wapi, mwalimu?"

"Hapa chini. Lakini chini hakuna kitu, mwanangu."

Kijana anayesimamia anajua kitufe kilipo. Akikielekeza kwa kidole, dosari imepotea, kwa sababu fomu itatumwa na kila mtu atarudi nyumbani akiamini mambo ni shwari. Anatakiwa aandike alichoambiwa na aombe kuiona simu.

Kitufe kinachopotea chini ni dosari ya kawaida mno, na inafaa kuitazama kwa karibu. Msanifu amekiambia kitufe kikae chini kabisa ya kioo. Lakini kioo cha simu hakina kimo kimoja. Kivinjari kina mstari wa anwani ambao mara upo, mara umejificha. Ukigusa sehemu ya kuandikia, kibodi hupanda na kumeza nusu ya kioo. Kwa miaka mingi kipimo cha kimo kilichotumiwa kilihesabu kana kwamba mstari wa anwani haupo, hivyo kitufe kikasukumwa nje ya macho. Mwaka 2022 vivinjari vilipata kipimo kipya kinachofuata mabadiliko ya mstari huo. Chrome ilikipokea katika toleo la 108, mwezi Novemba. Watengenezaji walifurahi, na wengine wakafuta kipimo cha zamani moja kwa moja. Sasa tazama kilichotokea kwa simu ya Android 6: toleo la mwisho la Chrome linalokubali simu hiyo ni la 106. Simu imekwama matoleo mawili kabla ya dawa yake. Kivinjari kikikutana na kipimo kisichokijua hukiruka bila kulalamika, na ukurasa hupangwa kana kwamba kimo hakikutajwa. Simu ya jirani, yenye Android 7, inaonyesha kila kitu vizuri. Hakuna msanifu ambaye angeligundua hilo mezani kwake, na dawa yake ni mstari mmoja tu: acha kipimo cha zamani juu ya kipya, kila simu ichukue inachokielewa.

Dosari ya mwalimu wetu huenda isiwe hiyo. Ukichukua simu yake utakuta herufi zimekuzwa hadi mwisho, jambo ambalo watu wengi wazima hufanyiwa na wajukuu na kusahau. Msanifu aliviwekea visanduku vyake kimo kisichobadilika, akidhani maneno yataenea mstari mmoja. Maneno yalipokua, mstari ukavunjika kuwa miwili, na wa pili ukakatwa. "Wasilisha maombi" imebaki "Wasilisha" yenye vichwa vya herufi nyingine vikichungulia chini yake. Fomu imerefuka mara mbili na kitufe kiko mbali kuliko mtu yeyote anavyotarajia kuburuza.

Halafu kuna majedwali. Taveta ni mji wa soko, na bei ya ndizi ni habari. Jedwali la bei lenye safu saba hupendeza kwenye kompyuta. Kwenye simu, safu ya bei ndiyo inayobaki nje upande wa kulia, kwa sababu kila mwandishi huanza na jina la zao, kisha aina, kisha kipimo, kisha soko, na bei huja mwisho. Hakuna alama yoyote inayomwambia msomaji kwamba jedwali linaendelea. Mkulima anaona majina ya mazao yake anayoyajua tangu utotoni, anafunga ukurasa.

Wanaotumia Opera Mini wana mateso yao ya kipekee. Kivinjari hicho, kilichoanza mwaka 2005 na kupendwa sana Kenya kwa kubana bando, katika hali yake ya ubanaji mkubwa huupitisha ukurasa kwenye seva za Opera kwanza, zikaupunguza, ndipo ukatumwa kwenye simu. Vitu vinavyotegemea programu ndogo kuendeshwa ndani ya simu huenda visifanye kazi. Menyu ya mistari mitatu, ambayo siku hizi ndiyo njia pekee ya kwenda popote kwenye tovuti nyingi, hubonyezwa na isifunguke. Mpimaji mmoja mwenye Opera Mini akikosekana kikaoni, tovuti itafika na dosari hii siku ya uzinduzi.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa dosari ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haiwezi kugunduliwa na yeyote asiye wa huku. Kidawida, lugha ya Wataita, kina nafasi yake kwenye kompyuta za dunia, jambo ambalo Wataita wengi hawajaambiwa. Muungano wa Unicode unatunza hazina iitwayo CLDR, yenye majina ya miezi, siku, na namna za kuandika tarehe na fedha kwa mamia ya lugha. Kidawida kimo, kwa alama ya herufi tatu: dav. Programu nyingi huchota majina humo; Java, inayoendesha seva nyingi za ofisi, imeifanya hazina hiyo chaguo lake la kwanza tangu toleo la 9 la mwaka 2017. Maana yake, mtu akitengeneza kalenda leo na akaruhusu Kidawida, majina yapo tayari.

Hapo ndipo kioo kidogo kinapodai haki yake. Mwezi wa kumi na moja umeandikwa "Mori ghwa ikumi na imweri". Ni nafasi 25 ukihesabu na mapengo, wakati "Novemba" ni herufi saba. Uweke mwezi huo kwenye kichwa cha kalenda ya simu, kati ya mshale wa kurudi nyuma na mshale wa kwenda mbele, na mshale wa mbele waweza kusukumwa nje ya kioo. Mtu hawezi kufika Desemba. Mtengenezaji mwangalifu atasema atumie vifupisho, na hazina inavyo: Februari ni Kaw, Machi Kad, Aprili Kan, Mei Kas, Juni Kar. Vizuri. Lakini kama ukurasa wake una mazoea ya kukata majina kwa herufi mbili ili yaenee, miezi mitano mfululizo itaitwa Ka. Na hata kwa herufi tatu, Januari ni Imb na Novemba ni Imw. Kwa maandishi madogo, juani, kwenye kioo chenye ufa, anayekata tiketi ya mwezi mmoja anaweza kuikata ya mwingine. Kompyuta haioni kosa lolote hapo. Kila kitu kimeenea, hakuna kilichokatwa. Ni mzungumzaji wa Kidawida peke yake atakayesema, "Hii hapana."

Ndugu wa dosari hiyo ni ritifaa. Kenya ni nchi ya Ng'ang'a, ng'ombe na Kidaw'ida chenyewe kinapoandikwa na alama hiyo. Seva isiyojua kuishughulikia humrudishia mtu jina lake likiwa Ng&#39;ang&#39;a, na kwenye simu nyembamba takataka hiyo hulirefusha jina mpaka likavunja mstari. Jina la mtu halipaswi kurudi kwake likiwa limeharibika, na mimi ningeipandisha dosari hii juu ya orodha hata kama haizuii fomu kutumwa.

Kuiona dosari ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuieleza ili mtu aliye Nairobi au Berlin aione pia, na hapa ndipo juhudi nyingi za kujitolea hufia. "Tovuti yenu ni mbovu" haimsaidii mtu. Taarifa inayosaidia husomeka hivi: "Simu ni Neon Smarta, kivinjari ni Chrome, herufi zimewekwa ukubwa wa mwisho. Nilifungua ukurasa wa maombi, nikajaza sehemu zote, nikaburuza hadi chini. Nilitarajia kuona kitufe cha kutuma. Niliona nusu ya juu ya maneno tu, na nikibonyeza hapo hakuna kinachotokea. Nikipunguza herufi, kitufe kinaonekana. Skrinshoti nimeambatisha." Sentensi ile ya mwisho kabla ya picha ina thamani ya saa nzima ya mtengenezaji, kwa kuwa imemwonyesha chanzo. Watu wa kawaida hujifunza kuandika hivi haraka sana wakionyeshwa mfano mmoja mzuri. Si lazima waandike kwa Kiingereza, na msimamizi anayewalazimisha hupata taarifa fupi na za woga.

Wikipedia inatoa mfano wa kuigwa. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003 na limejengwa na watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi toleo la simu lilimruhusu msomaji yeyote kuwasha mwenyewe hali ya beta, akatumia mwonekano ambao bado unajaribiwa na kuripoti kilichovunjika. Tangu Novemba 2014 taarifa hizo hukusanywa katika mfumo uitwao Phabricator, ambamo kila dosari ina namba yake, na mtu yeyote duniani anaweza kuona imepokewa na nani, imejadiliwa vipi, na kama imefungwa. Ukilinganisha na miradi ambayo wapimaji hutuma picha kwenye kundi la WhatsApp, ambako hufunikwa na salamu za asubuhi kabla ya saa sita, utaelewa kwa nini watu wengine hujitolea mara moja tu.

Skrinshoti zenyewe zina hatari yake. Mtu anayepiga picha ya fomu huweza kupiga pamoja na namba yake ya kitambulisho, namba ya simu, na ujumbe wa salio la M-Pesa uliojitokeza juu ya kioo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na kujitolea hakumwondolei mtu haki zake humo. Wapimaji wapewe majina na namba za kubuni za kujazia, wafundishwe kuzima arifa kabla ya kuanza, na picha zifutwe kazi ikiisha. Sijali mradi ni mdogo kiasi gani. Asiyeweza kuahidi hayo asikusanye picha.

Na malipo? Wakenya wana rekodi nzuri ya kujitolea kwenye mtandao: jukwaa la Ushahidi, lililoundwa kwa siku chache Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lilitoka mikononi mwa watu waliojitolea na likaja kutumika duniani. Lakini kujitolea kuna mipaka. Tovuti ya maktaba, ya kikundi cha kina mama, ya kamusi ya Kidawida, inaweza kuwaomba watu muda wao. Kampuni inayotengeneza faida haina sababu ya kuomba bure huduma ambayo soko lake lipo tangu kampuni ya uTest, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilipoanza kuwalipa wapimaji waliotawanyika duniani. Hata pale kazi ni ya hiari kweli, bando ni la mtu, chaji ni ya mtu, nauli ya kuteremka kutoka Wundanyi ni ya mtu, na asubuhi ya mama wa mboga ni mauzo yake ya siku. Hivyo virudishwe, tena siku hiyohiyo. Na anayependa jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa shukrani, liandikwe, na ritifaa yake mahali pake.

Limebaki jambo moja ambalo bajeti nyingi hulisahau, nalo ni kurudia. Kila marekebisho hubeba uwezekano wa kuvunja kingine. Kisanduku cha mwalimu kikiachiwa kirefuke, fomu yote husogea, na kalenda iliyokuwa ikionekana vizuri kwenye simu ya mwanafunzi hujikuta chini ya kibodi. Jedwali la ndizi likigeuzwa kuwa kadi zilizopangwa wima, anayetumia simu kwa kusikiliza huenda akasomewa bei bila kuambiwa ni ya zao gani. Kwa hiyo duru ya pili ifanyike na watu walewale na simu zilezile, zikiwa na mipangilio ileile; mtu asije akampunguzia mwalimu herufi kwa nia njema. Dosari isifungwe na aliyeirekebisha. Ifungwe na aliyeiripoti, baada ya kuifungua kwenye simu yake mwenyewe, nje, saa zile anazoitumia. Msimamizi anayepanga kikao cha kwanza bila kutenga nauli na bando za kikao cha pili amepanga nusu ya kazi, na ni heri angoje mpaka apate fedha za vyote viwili.